Shajara ya Mradi: Vifaru vya Mwaka 1985 Mezani

Januari: kuchagua mwaka

Mradi huu una lengo moja: kukusanya, kupaka rangi na kutunza majeshi mawili ya modeli ndogo kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani wa zama za kisasa. Upande mmoja utakuwa na rejimenti ya vifaru ya Kisovieti, na upande wa pili batalioni ya vifaru ya Marekani pamoja na askari wa miguu wanaoiunga mkono, katika jimbo la Hessen, Ujerumani Magharibi, mwaka 1985. Nimeuandika mwaka huo kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kununua kifaru hata kimoja, kwa kuwa naamini ndio utakaoamua kama mradi utafika mwisho au utabaki kuwa masanduku ya chuma kisichopakwa rangi.

Anayekusanya majeshi ya Napoleon anajua kwamba mambo yaliishia Waterloo mwaka 1815, na hakuna bunduki mpya itakayobuniwa kesho ikamlazimu kuanza upya. Anayekusanya zama za kisasa hana mpaka wa namna hiyo. Kila baada ya muda hutoka toleo jipya la kifaru, kombora jipya au rangi mpya ya kuficha magari, na kila jipya huligeuza la jana kuwa la kale. Hata ndani ya Vita Baridi peke yake mambo hayatulii. Kifaru cha Marekani cha M1 kilipoingia jeshini mwaka 1980 kilikuwa na mzinga wa milimita 105. Mwaka 1985 kikaanza kutengenezwa M1A1 chenye mzinga wa milimita 120. Kifaru cha Kisovieti cha T-80 ni cha mwaka 1976, lakini T-80BV, chenye matofali ya deraya ya mlipuko (yanayolipuka yakipigwa ili kulidhoofisha kombora) yaliyopangwa juu ya mnara na mwili, ni cha mwaka 1985. Anayesema anakusanya Vita Baridi bila kutaja mwaka amejitwika zaidi ya miaka 40 ya vifaa, na hakuna kabati litakalomtosha.

Nimeuchagua mwaka 1985 kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mchezo wenyewe: huo ni mwaka ambao kila upande una silaha inayoutisha upande wa pili. Wamarekani wana M1 yenye deraya nzuri ila bado mzinga wake ni ule wa milimita 105, na askari wao wa miguu wengine wamepewa gari jipya la deraya la Bradley huku wengine wakiendelea kupanda gari la zamani la M113. Wasovieti wana T-64B na T-80B, vifaru vinavyoweza kurusha kombora la Kobra kupitia mtutu wa mzinga hadi mita 4,000, na wana BMP-2, gari la deraya la kubebea askari wa miguu, yenye mzinga mwepesi wa milimita 30. Sababu ya pili ni kwamba vita kati ya pande hizo mbili havikutokea. Hakuna kijiji cha Hessen kilichoteketezwa na rejimenti ninayoipaka rangi, wala hakuna familia inayowalilia watu wake kwa sababu ya pambano nitakalolichezesha, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwangu kila ninapokaa mezani.

Februari: skeli ya modeli

Kuchagua skeli, yaani kiwango cha kulipunguza gari la kweli kuwa modeli, ni kuchagua aina ya mchezo, ingawa wengi huichagua kwa kuvutiwa na modeli iliyowekwa kwenye kioo cha maonyesho. Mwili wa M1, bila kuhesabu mtutu, una urefu wa takribani mita 7.9. Kwa skeli ya 1/72 modeli yake ina sentimita 11, kwa 1/100 ina karibu sentimita 8, kwa 1/285 ina sentimita 2.8, na kwa 1/600 inazidi kidogo sentimita 1.3. Modeli ya 1/72 inapendeza mkononi na inaonyesha kila kifundo, lakini kombania moja ya vifaru 14 inajaza meza, na batalioni haiwezekani kabisa. Modeli ya 1/600 inaruhusu divisheni nzima, ila mchezaji anayesimama upande wa pili wa meza hawezi kutofautisha BMP na gari la kubebea risasi.

Nimechukua 1/285, na pale ambapo modeli fulani haipatikani nachukua 1/300. Skeli hizi mbili ni ndugu. Ya kwanza ilienezwa na GHQ, kampuni ya Minnesota iliyoanzishwa mwaka 1967, na ya pili ina mizizi Uingereza. Hata jeshi la Marekani lilitumia modeli za 1/285 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 katika mchezo ulioitwa Dunn-Kempf, uliokusudiwa kuwafundisha viongozi wa ngazi ya platuni, kombania na batalioni jinsi ya kupambana na jeshi la Kisovieti, na kwa hiyo anayecheza kwa skeli hii anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na watu waliokuwa na sababu nzito za kuipita.

Tofauti kati ya 1/285 na 1/300 ni kama asilimia 5. Kwa M1 hiyo ni milimita moja na nusu hivi, kiasi kisichoonekana mpaka modeli mbili za aina moja ziwekwe bega kwa bega. Kanuni yangu ni kwamba gari la aina moja litoke kwa mtengenezaji mmoja. T-80 zote ziwe za kalibu moja na BMP zote ziwe za kalibu moja, halafu hakuna ubaya wowote kifaru cha 1/285 kikitembea pamoja na BMP ya 1/300.

Machi: ardhi, masafa na hesabu ya magari

Hapa ndipo mchezo wa zama za kisasa unapotofautiana kabisa na michezo ya zama za mikuki na baruti, na nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu hesabu hizi ndizo zilizoamua orodha yote ya manunuzi.

Kombora la Kimarekani la kupiga vifaru, TOW, linafika mita 3,750. Kwa skeli ya modeli yenyewe, yaani 1/285, umbali huo ni zaidi ya mita 13, urefu wa ukumbi. Kwa hiyo hakuna namna ya kuepuka skeli mbili zinazokaa pamoja mezani, moja ya modeli na nyingine ya ardhi. Meza yangu ina sentimita 180 kwa 120. Nikisema sentimita moja ni mita 25, meza inakuwa eneo la kilomita 4.5 kwa 3, na TOW inafika sentimita 150, karibu kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa skeli hiyo kifaru kimoja cha modeli kingewakilisha kifaru kimoja cha kweli. Lakini rejimenti ya vifaru ya Kisovieti ilikuwa na vifaru 94, na batalioni ya Marekani ya mpangilio wa miaka hiyo ilikuwa na 58. Kila modeli ya urefu wa sentimita 2.8 inameza mita 70 za ardhi, na majeshi yote mawili yakiingia humo vifaru vinapangana kama magari kwenye foleni, hali ambayo kamanda yeyote aliyekuwa akiogopa mizinga asingeiruhusu.

Nimeamua kwamba modeli moja iwe platuni moja, na sentimita moja iwe mita 50. Meza sasa ni kilomita 9 kwa 6. TOW inafika sentimita 75, Kobra sentimita 80, na mzinga wa kifaru unaolenga mita 2,000 unafika sentimita 40. Kombora la zamani la Malyutka, lililobebwa juu ya mzinga wa BMP-1, linafika sentimita 60 ila haliwezi kumpiga adui aliye karibu kuliko sentimita 10, kwa kuwa mpigaji alihitaji karibu mita 500 za mwanzo kulishika kombora na kuliongoza. Kitako cha modeli chenye upana wa sentimita 3 kinashika mita 150 za ardhi, kiasi kinachoelekea ukweli wa platuni iliyotawanyika.

Orodha ikawa nyepesi mara moja. Rejimenti ina batalioni tatu za vifaru, kila batalioni kombania tatu, kila kombania platuni tatu za vifaru vitatu vitatu; hizo ni platuni 27. Nikiongeza modeli moja kwa kila kamanda wa batalioni na moja ya kamanda wa rejimenti, jumla ni modeli 31 badala ya 94, na vifaru vya makamanda wa kombania vinahesabiwa ndani ya platuni zao. Batalioni ya Marekani ina kombania nne zenye platuni tatu za vifaru vinne vinne, yaani modeli 12 na moja ya makao makuu. Kwa kuwa platuni ya Kisovieti ni magari matatu na ya Marekani ni manne, modeli ya Marekani inavumilia pigo moja zaidi kabla ya kuondolewa, na tofauti hiyo ndogo inajieleza yenyewe katika mchezo bila kanuni nyingine yoyote.

Vifaru peke yao hawashiki kijiji. Wamarekani walikuwa na desturi ya kubadilishana kombania kati ya batalioni za vifaru na za askari wa miguu ili kuunda vikosi mchanganyiko, nami nimefuata desturi hiyo: kombania moja ya vifaru imetoka na kombania moja ya askari wa miguu imeingia. Upande wa Kisovieti nimeongeza batalioni moja ya BMP iliyotolewa kwenye rejimenti ya askari wa miguu ya divisheni hiyo hiyo, modeli tisa za BMP-2 pamoja na vitako vya askari wanaoshuka.

Silaha za mizinga zina taabu yake. Gari la BM-21 linarusha roketi 40 za milimita 122 hadi kilomita 20, umbali ambao mezani kwangu ni mita 4. Hata mzinga wa 2S1, wenye masafa ya kilomita 15, ungesimama mita 3 kutoka kwenye shabaha, nje ya meza. Wakusanyaji wengi hununua modeli za mizinga kwa sababu zinapendeza, nami siwalaumu, lakini katika mradi huu nimeweka fedha na rangi kwa wale wanaoonekana mezani: maofisa wanaoelekeza mizinga, wakiwa ndani ya magari yao, na alama za moshi na milipuko.

Aprili

Modeli za Kisovieti zimefika. Nimezihesabu, nimeondoa mabaki ya kusubu kwa tupa ndogo na kisu chembamba, na kunyoosha mitutu iliyopinda safarini. Hakuna jingine la kuandika mwezi huu.

Mei: kifaru gani hasa

Picha ya kifaru cha Kisovieti iliyozoeleka ni T-72, na kampuni nyingi za modeli huanza na hicho. Anayejenga jeshi la Kisovieti lililokuwa Ujerumani Mashariki anapaswa kusimama kidogo hapo. Vikosi vya Kisovieti vya mstari wa mbele katika Ujerumani Mashariki vilipewa T-64, kisha T-80. T-72 ndiyo iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani Mashariki lenyewe, pamoja na Poland na Czechoslovakia, majeshi ambayo pia yalibaki na T-55 nyingi. Kwa hiyo rejimenti yangu ina batalioni tatu za T-64B, na nimetenga nafasi ya kombania chache za T-72 na T-55 kwa siku ambayo Wajerumani Mashariki wataingia mezani.

Kwa jicho la karibu tofauti hizo zinaonekana hata kwa sentimita mbili na nusu za chuma. T-72 ina magurudumu sita makubwa yanayojaza sehemu kubwa ya nafasi chini ya mnyororo wa juu. T-64 ina sita pia, ila ni madogo na membamba, na kati yake na mnyororo wa juu kuna nafasi iliyo wazi. Nikiishika modeli ya T-64 ya mtengenezaji makini chini ya taa naona nafasi ile kama mstari mwembamba wa kivuli. Katika modeli ya mtengenezaji mwingine, ambayo sikuichukua, magurudumu yalikuwa yale yale ya T-72 na mnara tu ndio uliobadilishwa. BMP nazo zinatambulika kwa mnara: ule wa BMP-1 ni mdogo, wa mtu mmoja, na ule wa BMP-2 ni mpana, wa watu wawili, wenye mtutu mrefu mwembamba.

Wapo watakaouliza kama yote hayo yana maana kwa mchezaji aliyesimama umbali wa mita moja kutoka mezani. Kwangu yana maana, kwa sababu modeli ndiyo inayombebea mchezaji habari. Akiona BMP-1 anajua kwamba atapigwa na kombora la polepole, linalohitaji karibu sekunde 25 kufika mita 3,000, na kwamba ana muda wa kujibu au kujificha. Akiona BMP-2 hana raha hiyo. Modeli isiyo sahihi inamdanganya mchezaji kabla hata dadu hazijatupwa.

Juni na Julai: rangi

Kijani cha Kisovieti kikipakwa jinsi kilivyo kwenye gari la kweli, modeli inakuwa kidonge cheusi. Gari la mita saba hupokea mwanga wa jua kwenye eneo kubwa, na modeli ya sentimita mbili na nusu haina eneo hilo, kwa hiyo rangi lazima ipunguzwe makali. Njia ninayoifuata ni hii: rangi ya kwanza ya kijivu, kijani kilichochanganywa na kiasi cha rangi ya mchanga, majimaji ya kahawia iliyokoza yanayoingia kwenye mifereji na kuzunguka magurudumu, kisha brashi iliyofutwa kwenye karatasi hadi ikaribie kukauka, inayopitishwa juu ya kingo za mnara kwa kijani kilichopauka zaidi. Mwisho ni vumbi la kahawia kwenye minyororo na vanishi isiyong'aa. Kila mchanganyiko umeandikwa kwenye daftari kwa uwiano wake, kwa sababu watengenezaji wa rangi huacha kutoa rangi fulani bila taarifa, na atakayetaka kuongeza kombania baada ya miaka mingi atahitaji kujua nini kilichanganywa na nini.

Upande wa Marekani mwaka 1985 umenidai fikra zaidi. Magari mengi ya miaka hiyo yalikuwa bado na mpangilio wa rangi nne ulioitwa MERDC, ambamo rangi mbili hushika takribani asilimia 45 kila moja na nyingine mbili, kwa kawaida nyeusi na ya mchanga, hushika asilimia 5 kila moja kama mikwaruzo ya matawi. Vifaru vingi vya M1 vya mwanzo vilikuwa na kijani kitupu. Mpangilio wa rangi tatu wa NATO, kijani, kahawia na nyeusi, ulikuwa ndio unaanza kuingia katikati ya muongo huo. Nimezipaka M1 kijani kitupu na M113 rangi nne za MERDC, na naliona jeshi hili kuwa la kweli zaidi kwa kutofanana kwake, maana ndivyo jeshi linavyoonekana likiwa katikati ya mabadiliko.

Agosti: unga mweupe

Nimepokea kutoka kwa mkusanyaji aliyeamua kuacha mchezo sanduku la modeli za zamani za M113, zilizosubiwa kwa aloi yenye madini ya risasi kwa wingi. Juu ya baadhi yake kulikuwa na unga mweupe, mkavu, kama chokaa, na mahali unga ulipokaa sura ya gari ilikuwa imelika. Kwenye modeli moja bunduki ya juu ilibaki kama uzi, na nilipoigusa ikavunjika.

Ugonjwa huu unawahusu wote wanaokusanya modeli za miongo iliyopita, hivyo nauandika kwa ukamilifu. Mvuke wa asidi, hasa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, hushambulia risasi kukiwa na unyevu na hewa ya kaboni dioksidi, na matokeo yake ni kaboneti ya risasi, ule unga mweupe. Asidi haiishi katika kazi hiyo. Huachiliwa tena na kuendelea kula, na ndiyo maana modeli zilizofungiwa ndani ya sanduku lisilopitisha hewa huharibika haraka kuliko zilizo wazi. Chanzo cha mvuke huo mara nyingi ni kabati lenyewe: mbao za mwaloni, mbao za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi, makasha ya karatasi ngumu na baadhi ya gundi zisizokauka sawasawa. Kabati zuri la mwaloni, ambalo mkusanyaji hulinunua kwa nia ya kuzienzi modeli zake, linaweza kuwa ndilo linaloziua.

Modeli zilizoathirika nimezitenga, nimezisafisha kwa kitambaa chenye unyevu nikiwa na glovu, kwa kuwa unga huo ni sumu ukivutwa au ukimezwa, kisha nikazifunika kwa rangi ya kwanza pande zote, pamoja na tumbo la modeli ambalo kwa kawaida huachwa wazi. Zilizopoteza umbo nimeziondoa kwenye orodha. Mkusanyiko wote umehamia kwenye masanduku ya plastiki ya polipropilini yenye karatasi ya chuma chini, na kila kitako kina kipande cha sumaku, hivyo modeli hazigongani zikibebwa. Modeli mpya zilizosubiwa kwa bati bila risasi hazina hatari hiyo, ila zimekaa humo humo, kwa kuwa utaratibu mmoja hufuatwa kwa urahisi kuliko miwili.

Septemba: kuchapa kisichouzwa

Changamoto ya kulitunza jeshi la modeli inaonekana pale mtengenezaji anapoacha kutoa aina fulani. Kalibu za mpira huchakaa, wamiliki hustaafu, na gari ulilolinunua mwaka jana kwa nusu ya kombania halipo tena ulipotaka kukamilisha nusu ya pili. Betri ya ulinzi wa anga ya rejimenti ilikuwa na Shilka nne, magari yenye mizinga minne myepesi ya kutungulia ndege, na pamoja nazo magari manne ya makombora. Kwa hesabu yangu hiyo ni modeli mbili tu, lakini gari la makombora nililolitaka halikupatikana kwa skeli hii kutoka kwa mtengenezaji niliyemzoea.

Printa ya rezini, inayoijenga modeli tabaka kwa tabaka, imeziba pengo hilo. Matabaka ya unene wa milimita 0.05 yanatosha kuonyesha milango na vishikizo, na kwa mwandishi huyu aliyezoea chuma ubora wake unastahili heshima kamili. Tatizo limebaki kwenye mitutu. Mtutu wa mzinga wa milimita 105, ukipunguzwa kwa 1/285, una unene unaokaribia nusu milimita, na rezini ya unene huo hukatika kwa kuguswa tu. Baadhi ya wasanifu huunenepesha mtutu ili upone, na modeli hupoteza sura yake. Mimi nautoa kabisa, natoboa mnara kwa keekee ya mkono na kupachika waya wa shaba nyeupe wa milimita 0.5. Inachukua muda, na matokeo hayavunjiki.

Rezini ambayo haijakomazwa kwa mwanga ni ya kushikwa kwa glovu katika chumba chenye hewa, na modeli zikishaoshwa kwa alkoholi ya isopropili ziachwe zikauke kabisa kabla ya kukomazwa, la sivyo uso wake unabaki na utelezi ambao rangi haiushiki. Mafaili ya usanifu nayo yana masharti ya mwenyewe: mengi huuzwa kwa matumizi ya mnunuzi peke yake, na modeli zilizochapwa kutoka kwayo haziuzwi.

Oktoba: kanuni na takwimu za silaha

Kila kitabu cha kanuni za zama za kisasa kinakabiliwa na ugumu mmoja: takwimu muhimu kuliko zote, yaani unene halisi wa deraya na uwezo halisi wa risasi kuipenya, zilikuwa siri wakati vitabu vingi vilipoandikwa, na baadhi bado ni siri. Waandishi wa miaka ya 1980 walikisia. Baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991, ambamo T-72 za Iraki ziliangamizwa kwa wingi, kama ilivyotokea tarehe 26 Februari mahali panapoitwa 73 Easting, kukawa na mwelekeo wa kuvishusha hadhi vifaru vyote vya Kisovieti kwa mkupuo. Naona mwelekeo huo hauna haki. Iraki ilikuwa na matoleo ya kuuza nje, yenye risasi za kizazi cha zamani, na kuyatumia kupima T-64B iliyokuwa Ujerumani na wafanyakazi wa Kisovieti na risasi za Kisovieti ni kulinganisha vitu viwili visivyolingana.

Nimechukua kanuni za zamani zisizochapwa tena, kwa kuwa muundo wake wa amri na mawasiliano ni mzuri kuliko mwingi uliokuja baadaye, na nimeandaa kadi za upande mmoja kwa kila aina ya gari: masafa kwa sentimita, uwezo wa kupenya, deraya ya mbele na ya ubavuni, na mapigo linayovumilia. Mgeni anayekuja kucheza haombwi asome kurasa zote. Anapewa kadi zake sita au saba, na mengine anayajifunza meza ikiendelea. Mchezo ambao mtunzaji wake hana kanuni zinazofundishika kwa jioni moja utabaki bila wapinzani, na katika zama hizi wapinzani wenye majeshi yao wenyewe ni wachache, hivyo anayeanzisha mradi huu ajiandae kumiliki pande zote mbili, kuzipaka rangi zote mbili na kuzipenda zote mbili.

Novemba: pambano la kwanza kamili

Meza ilikuwa na vilima viwili, misitu mitatu ya sufi iliyopakwa kijani, na vijiji vinne. Kwa skeli ya mita 50 kwa sentimita, nyumba moja ya modeli inameza ardhi ya mtaa mzima, kwa hiyo kijiji ni kipande cha kitambaa kilichokatwa kwa umbo la mipaka yake, na nyumba mbili au tatu huwekwa juu kama alama na kusogezwa zinapozuia modeli.

Jambo lililojitokeza wazi ni kwamba masafa marefu hayatumiki mara nyingi. Kombora la TOW lenye uwezo wa sentimita 75 lilipata mstari wa kuona wa urefu huo mahali pamoja tu, kwenye bonde kati ya kijiji cha mashariki na msitu. Kwingineko kilima, mti au nyumba vilikata mstari kabla ya sentimita 40. Kamanda wa Kisovieti alitambua hilo mapema, akalifunika bonde kwa moshi wa mizinga na kuipitisha batalioni yake ya pili nyuma ya kilima cha kaskazini. M1 zilizokuwa zikilinda bonde zikalazimika kuhama, na zikakutana na T-64 kwa umbali wa sentimita 16, yaani mita 800, ambako mzinga wa milimita 125 hauhitaji msaada wa mtu. Kombania moja ya Marekani ilipotea hapo. Askari wa M113 walioshuka na makombora ya Dragon walikishikilia kijiji cha kati hadi mwisho wa mchezo, na Wasovieti hawakufika barabara ya magharibi kwa muda waliopewa.

Nimebadilisha jambo moja kwenye kadi: moshi sasa unadumu zamu mbili badala ya tatu, kwa sababu wakati wa zamu ya tatu pande zote mbili zilikaa tu zikisubiri utoweke.

Desemba: maombi ya kuongeza

Wachezaji wamependekeza tuongeze ndege zisizo na rubani. Naelewa wanakotoka: vita vya Nagorno-Karabakh vya mwaka 2020, na vile vya Ukraine tangu mwaka 2022, vimebadilisha namna vifaru vinavyotembea na kujificha, na mchezo wowote unaojiita wa kisasa utaulizwa kuhusu jambo hilo. Nimekataa kwa mradi huu. Droni zingehitaji skeli nyingine ya muda, kanuni nyingine za kuona na kuonwa, na modeli ambazo matoleo yake yanabadilika kabla kalibu haijapoa. Zaidi ya hayo, watu wanauawa nazo wakati huu huu, na siko tayari kuwageuza kuwa alama za mezani wakati ndugu zao bado wanawatafuta. Anayetaka kuutunza mchezo wa aina hiyo anaweza kufanya hivyo kwa heshima na umakini. Mimi nabaki mwaka 1985.

Ombi la helikopta nimelikubali, kwa kuwa ni la mwaka huo huo. Mi-24 ya 1/285 ina urefu wa sentimita 6 hivi, na inahitaji fimbo nzito ya kusimamia isiyopinduka mchezaji anapopitisha mkono. Nimeagiza mbili, pamoja na AH-1 mbili za upande wa pili. Kwenye orodha zimebaki pia magari ya BRDM-2 ya kombania ya upelelezi na Shilka, ambayo imekwisha kupata rangi ya kwanza na inasubiri mitutu yake minne ya waya.